Kitabu cha duka: Lubumbashi na miaka zaidi ya mia moja ya kuhesabu mali

Leo tunaongea juu ya kitu ambacho watu wengi wanakiona kidogo: daftari la duka.

Majuzi nilikaa na mama mmoja katika komini ya Kenya, hapa mjini. Alikuwa na duka la vyakula Bukavu kabla vita haijamkimbiza. Siku ya kutoka alibeba watoto, nguo chache na sufuria moja. Leo hasikitikii sana magunia ya unga wala mafuta aliyoyaacha, kwa maana vitu hivyo vinanunuliwa tena. Anasikitikia daftari la madeni. Aliyemuuzia mchele kwa mkopo alimpata kwenye simu na kumkumbusha anachodaiwa, lakini wateja waliokuwa wakimdai yeye subira, wakisema watalipa mwisho wa mwezi, hakuna hata mmoja aliyepiga simu. Bila daftari, deni lake lilibaki na pesa zake zikapotea.

Halafu akaniuliza swali. Vijana wanapita madukani na kuuza programu za kompyuta, ordinatere kama tunavyosema hapa, wakisema kwamba mashine itaandika mauzo, stoku, madeni na kodi pamoja. Je, ni kweli? Na mtu anayeanza upya na meza moja sokoni, jambo hili linamhusu?

Sikumjibu siku ile. Nilirudi nyumbani nikafikiri juu ya historia ya mji wetu, nikaona kwamba jibu liko humo.

Posho na fishi

Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka huo huo reli ilifika kutoka kusini. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na tanuru lake la shaba hapa Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911. Watu walikuja wengi kwa haraka, na mashamba ya karibu hayakutosha kuwalisha. Unga wa mahindi ulikuja kwa treni kutoka Rhodesia, upande wa leo wa Zambia na Zimbabwe. Mnaokwenda Kasumbalesa kuchukua unga, mnafuata njia ya babu zetu.

Katika miaka ile ya kwanza pauni ya Kiingereza ilitembea mjini pamoja na franka. Mfanyabiashara alinunua kwa pesa moja na kuuza kwa nyingine. Leo tunahesabu dola na franka, tukidhani ni taabu ya kizazi chetu. Hapana, mji ulizaliwa nayo.

Union Minière ililisha wafanyakazi wake kwa posho. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilitaka mfanyakazi akae na mke na watoto kambini, asirudi kijijini baada ya miezi michache. Hapo posho ikawa hesabu kubwa: mtu na matrikuli yake, ana mke au hana, ana watoto wangapi, apewe unga kiasi gani. Kila mzaliwa aliandikwa, na kila aliyekufa alifutwa. Wazee wetu walisema kampuni ni baba na mama. Lakini huyo baba alikuwa na fishi, na aliwajua watoto wake kwa namba. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika sana juu ya maisha hayo, na juu ya namna watoto hao walivyoachwa baadaye.

Ninataja posho kwa sababu moja. Ofisi ya kambi, depo ya chakula na ofisi ya mishahara zilipaswa kusema neno moja. Mtoto akizaliwa na depo isijue, mama anapata unga mdogo. Mtu akiondoka kazini na depo isijue, unga unatoka bure. Kufanya ofisi nyingi zisome ukurasa mmoja, hiyo ndiyo kazi ambayo programu za leo zinaahidi. Wakati ule ilifanywa na makarani wengi, kalamu na karatasi.

Mwenye duka aliyebeba kitabu kichwani

Nje ya kambi kulikuwa na maduka. Wagiriki walikuwa wengi, na wengine walikwenda hadi Kasenga, kwenye mto Luapula, kununua samaki na kuwaleta mjini. Kulikuwa na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, Wabelgiji, Waitalia, na pia wafanyabiashara Wakongo. Baba yake Moïse Tshombe, mzee Joseph Kapenda Tshombe, alikuwa tajiri wa biashara katika Katanga, na Moïse mwenyewe alishika maduka kabla ya siasa.

Duka la namna hiyo mara nyingi lilikuwa duka la familia. Mwenye mali alisimama mwenyewe nyuma ya meza. Alijua kitambaa kipi kinatoka haraka wakati wa mishahara, alijua nani analipa na nani anazungusha, alijua meli na treni zitachukua miezi mingapi kuleta mzigo mpya. Sehemu ya hesabu ilikuwa katika kitabu, na sehemu kubwa ilikuwa kichwani mwake. Hapo palikuwa na nguvu ya duka, na pia udhaifu wake, kwa sababu kichwa hakirithiwi kama funguo.

Tarehe 30 Novemba 1973

Siku hiyo Rais Mobutu alitangaza hatua zilizojulikana kama Zairianisation. Maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zilipaswa kwenda mikononi mwa Wazaire. Waliopewa waliitwa acquéreurs. Nia iliyosemwa ilikuwa nzuri masikioni: mwananchi awe bwana wa uchumi wake. Na ni kweli kwamba chini ya ukoloni Mkongo alizuiliwa milango mingi ya biashara.

Lakini tuangalie kilichokabidhiwa. Mtu alipewa funguo, rafu zilizojaa na sanduku la pesa. Hakupewa kitabu kilichokuwa kichwani mwa yule wa kwanza: nani analeta bidhaa, kwa masharti gani, mzigo uagizwe lini ili ufike kabla rafu haijaisha. Wengi walichaguliwa kwa ukaribu wao na utawala, si kwa kujua kazi. Wakauza vilivyokuwepo. Pesa iliyoingia ilionekana yote kuwa faida, ikaliwa. Kumbe ndani ya pesa hiyo mlikuwa na bei ya gunia la kesho.

Rafu zikabaki wazi. Mwisho wa 1974 serikali ikatangaza hatua nyingine, na biashara kadhaa zikachukuliwa na dola lenyewe. Mwaka 1976 ikarudi nyuma, ikaruhusu wenye mali wa zamani kurudishiwa mali zao. Wengine walirudi, wengine hawakurudi tena. Mwaka huo huo wa 1976 nchi ilipata mpango wake wa kontabilite, yaani sheria ya namna ya kuandika vitabu vya biashara. Sheria ya kuandika ilikuja baada ya mali nyingi kuyeyuka bila kuandikwa.

Ndugu, msinielewe vibaya. Sisemi kwamba Mkongo hawezi duka. Akina mama wa masoko yetu wanafanya hesabu kila siku ambazo zingemshinda mtu mwenye diploma. Ninasema kwamba kumpa mtu bidhaa bila kumbukumbu ya biashara ni kumpa samaki na kumnyima wavu.

Pesa inayokimbia

Baada ya hapo hata aliyeandika vizuri alipata taabu, kwa sababu kipimo chenyewe kilibadilika. Mwisho wa Desemba 1979 serikali iliondoa noti za zaïre 5 na 10, na watu walipewa siku chache tu za kubadilisha kiasi kidogo. Aliyekuwa ameweka mtaji wake ndani ya nyumba aliona karatasi tupu. Mwaka 1991 askari na wananchi walipora maduka katika miji mingi ya nchi, na Lubumbashi pia. Mali ilikwenda, na vitabu vilichomwa au vilitawanyika barabarani.

Mwaka 1993 ikaja zaïre mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda zaidi ya asilimia 9,000 katika mwaka mmoja. Mwaka 1998 ikaja franka kongolaise, moja kwa zaïre mpya laki moja. Fikirini mwenye duka aliyeandika deni la mteja mwezi wa kwanza na kulipwa mwezi wa sita. Kwenye daftari deni limelipwa lote, lakini sokoni pesa hiyo hainunui hata sehemu ndogo ya kilichotolewa. Ndipo watu walipojifunza kuandika kwa dola, na kuuliza kila asubuhi bei ya dola kabla ya kufungua mlango.

Kuna jambo lingine la miaka ile ambalo familia nyingi zinalikumbuka. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na sehemu nyingine za Katanga. Walikaa kwenye stesheni wakingoja treni. Kati yao walikuwa wenye maduka, na makarani walioshika vitabu vya watu wengine. Mji unapofukuza watu, unafukuza pia kumbukumbu yake. Na hapa nawaona tena akina mama waliotoka Kivu, na wale wa Mitwaba, Manono na Pweto waliokimbia kabla yao.

Mashine ilikotoka

Sasa turudi kwa wale vijana na programu zao. Wazo la kitabu chenye pande mbili, pesa inatoka upande huu na inaingia upande ule, ni la zamani sana. Mtawa Luca Pacioli alilichapisha Venice mwaka 1494, akieleza walichokuwa wakifanya wafanyabiashara wa huko. Sanduku la pesa lenye mashine lilibuniwa mwaka 1879 na James Ritty, mwenye baa Marekani, aliyechoka kuibiwa na wafanyakazi wake. Ile mistari myeusi inayosomwa na taa nyekundu ilisomwa dukani kwa mara ya kwanza mwezi wa sita 1974 katika mji wa Troy, Ohio, juu ya pakiti ya chewing-gum.

Mwaka 1972 wahandisi watano waliotoka IBM waliunda Ujerumani kampuni ya SAP. Wakati ule kompyuta nyingi zilikusanya kazi ya mchana na kuihesabu usiku. Wao walitaka taarifa ikiingia mara moja, ofisi zote ziione saa ile ile. Ndiyo mizizi ya programu za kuendesha biashara nzima kwa pamoja. Kwetu, wanafunzi wengi wa kontabilite wamejifunza kwa Sage Saari. Na mwaka 2005 kijana Mbelgiji, Fabien Pinckaers, alianza programu ambayo leo inaitwa Odoo, yenye toleo ambalo mtu anaweza kulichukua bila kulipa.

Inafanya nini? Tuseme una depo moja na maduka matatu, Katuba, Ruashi na mjini. Mteja wa Katuba ananunua gunia la unga la kilo 25. Kwa mguso mmoja stoku ya Katuba inapungua gunia moja, sanduku la pesa linaongezeka, kodi ya TVA inatengwa, na faida ya gunia hilo inaonekana. Kama alichukua kwa mkopo, jina lake linaingia kwenye madeni. Kama magunia yamebaki machache kuliko kiasi ulichoweka, mashine inakukumbusha kuagiza. Bila programu hiyo, jambo moja linaandikwa mara nne na watu wanne, na mwisho wa mwezi karatasi nne zinagombana.

Sheria nazo zinasukuma upande huo. TVA ya asilimia 16 ilianza nchini tarehe 1 Januari 2012. Kwa kanuni zake, biashara kubwa inaweza kupunguza TVA iliyolipa kwa muuzaji wake, lakini tu kama ina fakitire. Mwaka huo huo Kongo iliingia OHADA, na vitabu vya biashara vikafuata utaratibu unaoitwa SYSCOHADA, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika zinazosema Kifaransa. Asiyeandika analipa mara mbili.

Mashine haijui usichoiambia

Lakini historia ya 1973 inatuonya, na dunia pana inatoa ushahidi. Kampuni ya Target ya Marekani ilifungua maduka Canada mwaka 2013. Ilikuwa na pesa nyingi na ilinunua SAP. Lakini wafanyakazi waliharakishwa kuingiza maelfu ya bidhaa, na waliandika makosa mengi: vipimo vya inchi mahali pa sentimita, urefu mahali pa upana, bei zisizo sahihi. Mashine ikaamini kila kitu. Depo zikajaa mpaka mlangoni, na rafu za maduka zikabaki wazi. Januari 2015 ilitangaza kufunga maduka yote 133. Watu zaidi ya 17,000 walipoteza kazi.

Karibu na sisi, ndugu waliopita Kigali au Kampala wanaikumbuka Nakumatt, supamaketi ya Kenya iliyoanza na duka la magodoro Nakuru na kufika matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Haikukosa mashine za kuuzia, na wateja wake walikuwa na kadi za pointi. Ilifungua matawi kwa haraka huku wanaoiletea bidhaa hawalipwi. Waliacha kuleta, na rafu zikawa wazi. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na miaka miwili baadaye wanaoidai walikubali ifungwe. Kompyuta inaweza kukuonyesha deni, lakini haiwezi kukulazimisha kulilipa.

Rafu wazi za Target, rafu wazi za Nakumatt, rafu wazi za acquéreurs wa 1973. Wa kwanza waliandika uongo bila kujua, wa pili hawakufuata kilichoandikwa, wa tatu hawakupewa kitabu. Mwisho wao ulifanana.

Jibu kwa yule mama

Basi, mama, jibu langu ni hili. Vijana hawakudanganyi: programu inaweza kufanya wanayosema, kwa mwenye depo na maduka kadhaa, mwenye umeme wa akiba siku ambayo SNEL imekata, na mwenye mtu mwaminifu wa kuingiza taarifa kila siku. Kabla ya kulipa, mwenye duka aulize mambo matatu. Je, inafanya kazi intaneti ikikatika? Inashika dola na franka pamoja, kwa bei ya leo? Na taarifa zangu zinahifadhiwa wapi, niweze kuzipata hata duka likiungua? Kabla ya kuiwasha, ahesabu mali yote kwa mkono, gunia kwa gunia. Akiingiza hesabu ya kubahatisha, amenunua daftari la uongo kwa bei kubwa.

Kwa mwenye meza moja, hata SYSCOHADA inakubali kwamba biashara ndogo sana iandike tu pesa iliyoingia na pesa iliyotoka. Daftari la kawaida linatosha. Andika ulichonunua na kwa bei gani, ulichouza, nani anakudai, nani unamdai. Pesa ya kununua mzigo wa kesho itenge mbali na pesa ya kula leo, maana hapo ndipo maduka ya 1973 yalipoanguka. Hesabu mali siku moja kila juma. Halafu fanya jambo ambalo makarani wa Union Minière hawakuweza: piga picha ya kila ukurasa kwa simu, umtumie ndugu anayekaa mji mwingine. Daftari likichomwa au likiachwa nyuma, ukurasa unabaki.

Nilimpelekea jibu hili kwa mdomo kabla ya kuliandika hapa. Alicheka, akasema kwamba yeye anataka kwanza kupata unga wa kuandika. Ni kweli kabisa. Lakini nilipoondoka alikuwa amemtuma mtoto wake wa kike, anayesoma vizuri, kwenda kununua daftari la kurasa 96 na kalamu mbili. Ukurasa wa kwanza aliandika, kwa kumbukumbu tu, majina ya watu wa Bukavu waliokuwa wakidaiwa. Alipata 11. Wengine anasema watarudi kichwani, polepole.